Ribiti za Namasagali

Mlango wa jiko la mama una ribiti kumi na moja.
Hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu,
kidole kikipita juu ya vichwa vya chuma,
baridi alfajiri, vya kuunguza ikifika adhuhuri.
Ya kumi na mbili ni tundu.
Jua hupenya humo, likaangusha shilingi moja
juu ya maharage yasiyoiva.

Meli zililetwa zikiwa vipande,
ndani ya makasha, kwa reli,
kila ubavu na namba yake ya chokaa,
na huku ukingoni mwa Kiira
zikaunganishwa mfupa kwa mfupa.
Babu yangu Yokana Balikowa alishika koleo:
aidake ribiti ingali nyekundu,
aipachike, aruke kando,
Kartar aishindilie nyundo kabla haijapoa.
Msoga, Kalasinga, Mjaluo, Mnubi.
Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake,
wakakopa Kiswahili kama jirani akopavyo chumvi,
nao hawakukirudisha.
Shika. Piga. Bado. Basi.
Maneno manne yalitosha kushona meli.

King'ora ndicho kilichokuwa saa ya mji.
Kikilia saa moja, Naigaga yuko langoni na sufuria ya uji.
Kikilia saa sita, watoto wanatoka darasani bila ruhusa.
Majogoo nao walilegea, alisema bibi,
wakawa wanangoja mvuke uwike kwanza.

Mji ni makazi, mji ni nyumba ya mimba.
Siku ya kushusha meli, mkunga Kagoya
alisimama kando ya chelezo, mikono kiunoni,
akaona tezi inatangulia majini, omo inafuata nyuma:
"Huyu anatoka kwa miguu," akasema. "Atatusumbua."
Wazungu wakapiga makofi.
Wao hawakuwa wamesikia.

Sitaki kupamba.
Pamba tuliilima wenyewe, ikapakiwa, ikaenda zake.
Nyumba zao zilikuwa juu, penye upepo,
zetu chini, mafuta ya mashine yalikoteremkia,
tukachota maji yenye rangi saba kama upinde wa mvua.
Cheche ilimpata Tenywa, ndugu yake babu.
Daftari la mishahara liliandika mstari mmoja:
hana jicho, apewe ufagio.

Kisha mto ukapanda.
Ulipanda bila haraka, kama mdai anayejua nyumba,
gati likazama, tanuri likazimwa na samaki,
wakuu wakaondoka na funguo
za milango iliyokuwa chini ya maji.
Meli moja ilibaki matopeni, imeegemea ubavu.
Usiku tukaenda na spana.
Kengele ikapanda kanisani,
dirisha la mviringo likawa la mwalimu Isabirye,
tangi likachachusha pombe ya wimbi,
na bamba la ubavu wa kushoto, namba 42,
likawa mlango wetu.
Wengine huita wizi.
Bibi aliita kiinua mgongo.

Mwezi uliopita alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu
na mizani ikining'inia nyuma ya lori.
Mama alibishana naye bei tangu asubuhi hadi alasiri.
Tukaung'oa mlango, tukauning'iniza,
mshale ukatetemeka, ukatulia:
kilo thelathini na nane.
"Basi, urudisheni," mama akasema.
"Nilitaka tu kujua mzee alikuwa anashika nini."

Mnunuzi akatema mate, akaenda kwa wengine.
Wengine waliuza. Ada za shule hazina kumbukumbu.
Jioni lori likakwama pale tuta la reli lilipokuwa,
limejaa mbavu, mabomba, nusu ya mkuku,
na sisi, hata mama, hata Isabirye na fimbo yake,
tukaliwekea mabega, tukalisukuma
litoke na vitu vyetu,
matope hadi magotini, tukiitana gizani:
Shika.
Bado.
Bado.