Muhuri wa Kiazi

Miaka thelathini na mmoja Ludomir alikaa
ndani ya kibanda cha vioo, kwenye daraja la Olza,
akizigonga muhuri pasipoti za watu waendao kwingine.
Ko. Mpiga fidla. Ko. Mwuza soseji. Ko. Bibi harusi
aliyepakata keki yake mwenyewe garini.
Saa kumi na moja alifunga droo, akarudi nyumbani
dakika kumi na mbili kwa miguu, wino kidoleni,
na pasipoti yake kabatini, safi kama sahani ya wageni.
Kinyozi hajinyoi, nilimwambia. Alicheka kwa pua.

Kisha mpaka ukafunguliwa. Kibanda kiling'olewa kwa kreni
kama jino, naye akapewa kiinua mgongo,
mgongo wenyewe ukiwa umeshainama.

Nikanunua daftari: jalada gumu, karatasi nene
rangi ya maziwa ya jana, na gundi.
Tukapanda basi la usiku kwenda Trieste.
Kila tulipokaribia mpaka alifungua pasipoti,
akaiweka gotini, akavaa miwani.
Basi halikupunguza hata mwendo.
Kibao cha buluu, nyota, mti, mti, kituo cha petroli,
tukawa nchi nyingine bila mtu kutuuliza jina.
"Halszka," akasema, "nani atasadiki kwamba tulifika?"

Basi daftari likawa shahidi.
Hubandika kila kitu: tiketi ya tramu ya Graz,
kipakiti cha sukari, risiti ya dawa ya kikohozi,
karatasi ya jibini ambayo mpaka leo inanuka,
picha ambamo kidole changu kimefunika nusu ya kanisa.
Huandika kama ofisa, hajui kuandika vingine:
Ameingia saa tatu na dakika arobaini. Mvua.
Kusudi la safari: kuona.
Mwenzake: mwanamke, miaka 66, mkoba mmoja, amenuna.
Bidhaa za kutangaza: hakuna.

Ilikuwa Maribor, jikoni kwa Bi Zdenka mwenye nyumba ya wageni,
alipoomba kiazi. Kimoja tu, kibichi.
Akakikata katikati, akachonga kwa kisu cha mkate
herufi za kinyumenyume, ulimi nje kama mtoto wa chekechea,
akakichovya kwenye maji ya bitiruti.
Ko.
AMEPITA, ukurasa ukasema, kwa wekundu unaovuja pembeni.
Bi Zdenka alipiga makofi. Mimi niligeukia sinki
nikaosha kikombe kilichokuwa safi.

Tangu siku hiyo kila nchi ina kiazi chake,
nacho hakidumu; siku ya tatu kimeshasinyaa,
AMEPITA inasomeka kama makunyanzi ya paji la uso.

Lakini ukurasa wa kumi na tisa hauna tiketi.
Nilidhani ameuruka. Kisha nikaona jina, kwa penseli:
Otylia Wrzos. Jumanne, Februari. Mazishi ya dada.
Nikakumbuka jioni ile aliyokataa supu.
Karatasi ya mama huyo ilipungukiwa muhuri mmoja,
naye alimrudisha, sheria ni sheria,
na yule akasimama upande wetu wa mto, skafu nyeusi kichwani,
akisikiliza kengele ya makaburini ikilia ng'ambo
mpaka iliponyamaza.

Sikumuuliza. Jana, baada ya chai,
alichagua kiazi kikubwa kuliko vyote kapuni,
akachonga taratibu, akapuliza,
akakibonyeza kando ya jina lile
muda mrefu, kwa viganja vyote viwili,
kama mtu anayezuia damu.

Leo tumevuka daraja kwa miguu, sisi wawili, kula aiskrimu.
Hatua themanini. Kibanda kilipokuwa pana benchi,
na kijana amelala juu yake, kofia usoni.
Usiku nimefungua daftari kutafuta gundi.
Kusudi la safari: aiskrimu ya limau.
Waliovuka: watatu.