Usipige Lipu

Subilaga alikuja na futi na buti za mpira,
akayazunguka magofu yetu mara tatu, kimya.
Mvua ya Mwakaleli haimngoji mgeni avue koti.
Michoro ililowa, akaikumbatia kama mtoto.

Kikanisa kiliangukia upande wa migomba
usiku wa tetemeko. Nilikuwa na miaka tisa.
Tangu hapo mparachichi umeota palipokuwa madhabahu,
na watoto wakienda kuchuma huvua kofia
kwa mazoea, hawajui wanamvulia nani.

Nikasema, tubomoe kilichobaki, tuchimbe msingi mpya.
Akasema, hapana.
Basi walau nipige lipu, nipake chokaa,
mimi ni fundi, ukuta uchi ni aibu yangu.
Akasema, usipige lipu, fundi Ambokile.
Usizibe hata ufa.

Sikulala.
Usipoziba ufa utajenga ukuta: tumelelewa hivyo,
na huyu ananilipa nijenge
na ufa niulinde.

Alichokichora kilikuwa sanduku la kioo na mlingoti,
limesimama ndani ya magofu kama punje kwenye ganda,
ukuta wa zamani haligusi hata kwa ukucha.
Shubiri moja katikati. Humo, alisema, mvua itapita.

«Ghala la viazi,» alisema mzee Mwakalobo,
«na ghala langu lina mlango mzuri zaidi.»
Mama Tusekile aliuliza kama Mungu hataona haya
kukaa kwenye kioo, kila mpita njia anamchungulia.
Subilaga akacheka, akaandika swali lile
pembeni ya mchoro, karibu na vipimo.

Mparachichi tuliukata. Hapo nikagombana naye tena,
nikashindwa tena.
Ulikuwa na matunda.

Kisha, siku ya kusugua matofali kwa brashi ya waya,
chokaa ya zamani ikitoka kama magamba,
nikakuta dole gumba.
Tofali la kumi, dole. La ishirini, dole.
Baba hakujua kuandika. Alilipwa kwa hesabu,
akaihesabu kazi yake kwenye udongo mbichi,
kisha wakaja wenye chokaa, wakamfunika.
Nikaweka dole langu pale.
Likacheza, kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha mkubwa.
Sikumwita mtu. Nilisugua hadi giza.

Jumapili ya kwanza mvua ilimzidi mchungaji sauti.
Alijaribu zaburi, akajaribu tangazo la mchango,
akafunga kitabu, akakaa nasi kwenye benchi.
Tukatazama kupitia kioo
maji yakishuka kwenye ile shubiri moja,
yakipita juu ya tofali la kumi, la ishirini, la thelathini,
polepole, bila kuruka hata moja,
kama mtu anayehakiki hesabu
kabla hajaenda kudai ujira wake.