Muuza Sumu

Mchana kutwa, Buguruni, spika yangu yaita:
panya, mende, kunguni, wote kwisha, buku tu!
Jioni nanawa kwa sabuni ya mche, mara tatu,
hadi viwikoni,
ndipo Tunda aniruhusu kumshika Kashata.

Kashata ni hamsta. Hajafika ukubwa wa ndimu,
mstari mweusi mgongoni kama uliochorwa kwa rula.
Juzi mguu wake wa nyuma ulinasa
kwenye gurudumu la nyaya.
Tunda hakulia. Alinitazama tu,
kama hakimu aliyekwisha kusoma jalada.

Daktari wa mifugo, Tabata, mzoea ng'ombe,
alivaa miwani juu ya miwani.
"Usimfunge kijiti, atakitafuna, na mguu nao.
Boksi dogo, lisilo na ngazi wala ghorofa.
Karatasi laini, si pamba: pamba hunasa vidole.
Maji karibu na mdomo. Dawa tone moja, asubuhi na jioni.
Mengine mwachie mwenyewe."
Akadai elfu kumi na tano. Mnyama tulimnunua kumi.

Mama mkwe alicheka hadi kanga ikamdondoka:
"Panya huyu! Si una dawa yake mkobani?"

Usiku umeme ukakatika. Kwa tochi ya simu
nilikata kifuniko cha ndoo ya rangi,
nikakipiga msasa: gurudumu lisilo na tundu hata moja.
Boksini kitu kikakwaruza,
kikanyamaza,
kikakwaruza.
Kwingineko sauti hiyo ndiyo mtaji wangu.
Usiku ule niliomba isikome.