Mshono wa Ndani

Daktari Oyarzún alinichorea tumbo langu
nyuma ya karatasi ya maabara, kwa kalamu ya buluu:
mfuko uliopinda kama harage,
kisha mstari mmoja, wima.
"Upande huu unabaki," akasema. "Huu tunautoa."
Nikamuuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake:
mnashona kwa uzi gani?

Si uzi. Vibanio vya titani, safu tatu,
vidogo kuliko punje ya mchele.

Mimi nimeshona magauni ya harusi miaka thelathini na moja
hapa Punta Arenas, na mshono naujua:
haufumuki ukiutazama.
Hufumuka kanisani, bibi harusi akiinama.
"Na huu ukivuja?"
Hakunificha. Mmoja katika mia, pengine pungufu.
Nyumbani nikafungua daftari la wateja:
mia nne na kumi na wawili.
Wanne, basi.
Nikajikuta nawachagua kwa majina.

Na kuna hili pia. Fundi mwema huacha akiba,
vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono,
mwenye gauni akinenepa apate kuachiliwa.
Atakachokikata Oyarzún hakina akiba.

Nikatandaza kaliko mezani, nikaandika kwa chaki.
Huku goti.
Huku sukari, sindano nne kwa siku.
Huku ngazi za Cerro de la Cruz
ambazo mjukuu wangu Rayén huzipanda akihesabu kwa sauti,
nami humngoja chini
nikijifanya napenda kutazama meli.
Huku usingizi bila ile barakoa inayonguruma.
Huku, kwa herufi ndogo, maana naona haya:
kuvaa gauni nililolibuni mwenyewe.

Upande wa pili: damu kuganda mguuni, ikapanda.
Vidonge hadi kaburini.
Nywele kunyonyoka.
Ngozi kubaki inaning'inia kama pazia
katika nyumba iliyohamwa.
Na kijiko. Majuma na majuma ya kijiko.

Binamu yangu Otilia alifanyiwa Santiago.
Alipungua kilo hamsini na mume mmoja;
anasema angerudia vyote viwili.
Jirani yetu Barría kilo zake zilimrudia zote,
zikaja na deni.

Nolberto, mume wangu, alisimama mlangoni.
Hakusema usifanye.
Alisema: "Na Jumapili?"
Jumapili yeye huchoma mwanakondoo uani,
moto wa tangu asubuhi,
na kabla wageni hawajakaa hunikatia ubavu
unaochuruzika mafuta, akanilisha kwa vidole.
Mtu huyu hajawahi kuniandikia barua.
Barua zake ni hizo mbavu.

Halafu upepo.
Ukichachamaa, manispaa hufunga kamba kando ya njia
watu wapate kujishikiza.
Nimeona wanaume wazima wakipokonywa kofia,
kisha miwani, kisha heshima.
Mimi kamba sijaishika hata siku moja.
Wenzangu hunishika mimi: "Eduvigis, simama hapo!"
wakajibanza nyuma yangu kama vifaranga.
Hilo sikumwambia daktari.
Fomu yake haikuwa na pa kuliandika.

Usiache mbachao, huambiwa mtu.
Lakini mbachao wangu mimi umeanza kuninasa miguu,
na ule msala upitao
unapita Alhamisi, saa mbili asubuhi,
niseme ndiyo au nafasi apewe mwingine.

Usiku huu Nolberto amelala.
Nimejizungushia utepe wa kupimia,
mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja.
Ukaishia njiani. Nikauunga na mwingine kwa pini,
nikasoma, nikasoma tena,
nikafungua daftari:
mteja wa mia nne na kumi na tatu, jina langu, kiuno changu.
Safu ya tarehe ya kukata nimeiacha wazi.
Nje kamba zinapiga miluzi.
Pini bado iko mdomoni.