Hanamu

Kiwanja cha Bi Halszka kimekaa kama kipande cha mkate
kilichokatwa na mtu mwenye haraka:
huku barabara, huku reli ya tramu,
na pale zinapokaribia kugusana
anataka ukuta wa duka lake uishie kwenye ncha.
Nyuzi thelathini na saba, si zaidi.
"Mshazari," alisema, akichora hewani kwa funguo za gari.

Saa mbili usiku. Łódź inamwagikiwa theluji ya Februari.
Ofisini tumebaki mimi, chai ya limau iliyopoa,
na programu isiyojua kumaliza ukuta
ila kwa pembemraba.

Nauvuta ukuta: unaisha mraba.
Nauzungusha: unazunguka mzimamzima,
kama askari aliyeitwa jina.
Nabonyeza ncha. Naomba hanamu,
napewa urefu.

Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe,
lakini waliosema hivyo hawakuwahi kuupiga kwa kipanya.
Mkono hauumi. Inauma shingo,
na yanauma macho, na kile kengele kidogo
cha kukataliwa.

Nachomeka umbo la pembetatu pale nchani, nalitoa.
Kweli ukuta unakatika,
ila plasta inabaki ikining'inia upande wa nje,
ngozi isiyo na habari kwamba mfupa umeondoka.
Nachukua bamba la sakafu, nalipandisha hadi darini,
nalidanganya liitwe ukuta.
Dirisha linakataa kuingia.
Dirisha linajua.

Saa tano Dobromir anapokea simu, sauti imejaa mto:
"Jenga ukuta wa pili, mwembamba,
uukutanishe na huo kwa pembe unayoitaka.
Ukuta haumsikilizi mtu, Jagoda,
humsikiliza ukuta mwenzake.
Kisha ule wa pili uweke kwenye tabaka, tabaka ulizime."

Nikaujenga.
Ule wa kwanza ukakatika hanamu, safi,
kama mtu anayegeuza bega ampishe mwenziwe mlangoni.
Nikazima tabaka. Mzuka ukaondoka,
adabu ikabaki.
Nikaenda kulala na buti miguuni.

Hakuna aliyeniambia
kwamba kilichofichwa nacho huhesabiwa.

Mwezi wa nne fundi Zbyszko akanipigia kutoka kiwanjani:
"Nina matofali mia tatu na kumi na mawili
hayana kwao."

Nilimkuta na vumbi jekundu kwenye kope.
Ile ncha aliikata kwa grenda, tofali kwa tofali,
vipande vilivyobaki vimelala matopeni
kama meno ya mtoto.
"Wewe," akaniuliza, "ulibonyeza mara ngapi?"
Sikumjibu. Nilifungua kompyuta juu ya toroli,
nikawasha tabaka, nikamwonyesha:
huu hapa ukuta ambao haupo,
ndio ulioukata huu uliopo.

Alitazama kwa muda. Akafuta skrini kwa kiko cha mkono,
akazidi kuichafua.
"Mbona uko mahali pazuri," akasema.

Bi Halszka hakutaka kuyalipia. Yalikatwa kwenye ujira wangu,
nami sikubisha, kwa kuwa ni kweli niliyaagiza,
bila kujua, usiku, kwa kidole kimoja.
Zbyszko akayalaza palepale mzuka uliposimama,
safu chache tu, kimo cha goti,
na hakuweka timazi: upande mmoja umelala kidogo.
Bi Halszka akalalamika kwamba watu watakaa.

Watu wanakaa.

Jana nilipita na tramu. Mvulana mmoja
alikuwa juu ya ukuta wangu usiokuwepo,
anakula andazi la jamu, miguu haifiki chini,
mgongo ameuegemeza kwenye nyuzi thelathini na saba.
Dobromir ananihimiza nilifute lile tabaka,
faili limekuwa zito.
Nimemwambia kesho.
Nimemwambia hivyo tangu Aprili.