Kama Ilivyotoka Kiwandani

Covilhã, Februari. Theluji imekalia mabega ya mlima,
kiwanda cha sufu kinatoa mvuke kwa madirisha ya nyuma.
Dona Deolinda amenipigia mara tatu kabla ya saa tatu:
printa haisikii, benki haifunguki,
fomu za kodi zinazunguka tu kama pia,
"na mimi, kijana, sijagusa kitu."
Wote husema hivyo. Fundi huitikia, huvua koti.

Nikafungua orodha ya kanuni za ukuta wa moto.
Salaala! Miaka kumi na mmoja ya ruhusa na marufuku,
kiraka juu ya kiraka:
hii ya mkwewe, aliyetaka kucheza karata zamu ya usiku;
hii ya mhasibu aliyetangulia, marehemu, mwoga wa kila kitu;
hizi tisa za fundi aliyehamia Luxemburg
akaacha milango nusu wazi.
Na moja, peke yake, kwa herufi kubwa:
ADÉRITO. ZUIA. KUINGIA NA KUTOKA.

"Huyu nani?"
Akapangusa miwani isiyo na vumbi.
"Kaka yangu. Yuko Ufaransa."
Kisa ni sufuria ya shaba, ya marehemu mama,
ya kupikia jamu kila Oktoba. Nani aichukue.
Ufa wenyewe mwembamba, ungezibwa kwa kikombe cha kahawa.
Hakuuziba mtu.
Akajenga ukuta, tena wa moto.

Nikamwambia: fundo hili halifunguki uzi kwa uzi.
(Mafundo anayajua. Aliingia hapa ana miaka kumi na sita,
akiunga nyuzi zilizokatika mtamboni,
kabla hawajampandisha kwenye vitabu.)
Tunairudisha ilivyokuwa mwanzo. Kanuni zote zinafutika.
"Zote?"
"Zote. Na hiyo."

*Una hakika?* ikauliza mashine,
kama zinavyouliza mashine, bila kukutazama usoni.
Akapeleka kidole, akakirudisha.
Akanywa kahawa iliyokwisha kupoa.
"Bonyeza wewe."
"Hapana, dona. Hili ni la mwenye nyumba."
Akabonyeza.

Giza. Kisha kijitaa.
Ikaamka haijui jina la mtandao,
haijui nenosiri, haijui printa iliyo hatua mbili kutoka hapo.
Ilibaki na anwani moja tu, 127.0.0.1,
ile ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe.
Nikaijaribu. Ikaitika mara nne:
nipo,
nipo,
nipo,
nipo.

Nikaanza kuirudishia dunia, kamba kwa kamba.
Printa ikakohoa, ikatema ankara
ya mita mia mbili za flaneli kwenda Porto,
ikatema tena, ikatema tena, nakala thelathini na nane,
maana kila ilipogoma aliibonyeza upya.
Tulicheka hadi akashika ubavu.

Kicheko kikaisha. Akabaki anakitazama kioo.
Saa tano. Saa tano na robo.
Mlango uliofungwa miaka minne sasa u wazi
na kizingitini hapana mtu.
Hapana barua iliyokuwa ikingoja, hapana simu iliyokosa njia.
"Kumbe hakuwahi kubisha," akasema polepole,
kama anayesoma jumla isiyolingana na hesabu zake.
Hilo sikuwa na kanuni yake.

Nikaandika bili, yuro arobaini. Nikavaa koti.
Nilikuwa nimeshika kitasa aliponiita:
"Kijana! Hii nayo inataka nini?"
Nikasoma kwa mbali, shingo nje ya skafu:
"Ni programu ya simu. Inaomba ruhusa ya kutoka nje.
Ukuta mpya huuliza kila kitu mara ya kwanza."
"Ya simu najua, nimeifungua mimi."
Kidole chake kilikuwa hewani.
"Haya, funga huo mlango,
baridi inaingia."