Mchanga wa Zamu ya Usiku

Saa tano usiku, Hsinchu, navaa vazi jeupe
hadi yabaki macho.
Upepo wa mashine unanipangusa vumbi,
hata lile la kaburi la mama
nililolifagia asubuhi.

Humo ndani taa ni za njano,
kama macho ya mgonjwa wa ini.
Tunachora njia nyembamba mno:
unywele wangu ukilazwa kando yake
ni barabara kuu.

Gazetini wanaiita ngao.
Wanasema, nani atalipiga bomu jiko
linalolisha dunia nzima?
Kwani jiko halijawahi kuungua
wageni wakiwa mezani?

Mwanangu Yen-ting yuko Kinmen, mwezi wa tatu jeshini.
Jumapili akapiga simu.
"Mama, redio yetu imenizidi umri.
Fundi kaifungua: chipu yake nene kama biskuti,
ya tangu wewe u msichana. Na inasikika!"
Akacheka. "Hizo zenu hazijafika huku,
ila hii moja, kwenye simu ninayokupigia."

Basi kutwa mnafanya nini?

"Tunajaza mchanga kwenye magunia."

Sikupata usingizi mchana ule.
Mchanga. Na sisi je?
Tunauyeyusha, tunautakasa,
tunaukata visahani, tunaufunza kuhesabu.
Yeye anauzoa kwa koleo,
na gunia halihitaji hesabu
ili kuzuia risasi.

Mhandisi Hsueh hakubali.
Saa tisa usiku, juu ya bakuli la tambi,
alinigongea meza kwa kijiti:
"Kombora litakalomtafuta mwanao lina macho, dada Peng.
Atakayetangulia kuona, kwa nusu ya kope,
ndiye atakayeiona kesho.
Unadhani macho huchongwa kwa koleo?"

Sikumjibu. Amenizidi vitabu.
Lakini nakumbuka mwaka wa ukame,
mfereji wa baba mkwe ulivyofungwa
ili maji yaje kuosha visahani vyetu.
Mzee alisimama kwenye mpunga uliokauka
akaning'ong'oneza, kana kwamba ni aibu yangu:
"Siku wakituzingira,
tutavipika kwa mboga gani?"

Jana Yen-ting kaja likizo.
Kavua buti mlangoni, kazikung'uta,
kalala na nguo zake.
Mchanga ukabaki kizingitini, konzi nzima.

Mimi, ninayewinda punje moja usiku kucha,
nikashika ufagio.
Nikausimamisha ukutani.